Muzee Osée na moto yenye ilishuka bila mutu

Vendredi hii, tarehe 27 juin, Muzee Osée anaacha kazi. Ametumika trente et un ans, miaka makumi tatu na moja, mu garage yetu ya moto, ni kusema pikipiki, kule Mudzipela, hapa Bunia. Aliingia na clé moja, spana ya kumi na tatu, mu mufuko. Ile clé iko nayo mpaka leo.

Bamotari yote ya muji banamujua ju ya desturi yake moja. Akitengeneza moto, haitoke kwanza. Anakaa kiti ya nyuma, mahali ya client, anaambia mwenye moto: «Endesha.» Banazunguka rond-point, banarudi. Anasemaka mutu wa mbele anadanganyika, wa nyuma ndiye mugongo yake inajua. Siku moja motari alimusahau kwa soko, akarudi garage peke yake. Muzee alikuja na miguu, jasho tupu, na hakugomba. Alisema tu: «Amortisseur ya kushoto ni mubaya.»

Amortisseur, ile inabeba kiti ya nyuma kwa mashimo, amebadirisha mingi sana. Lakini ya mwisho ndiyo tunapashwa kusema, ju kidogo ingemuzuia asituache.

Mu mwezi ya mai, Mama Espérance alituletea moto ya bwana yake, marehemu Papa Alphonse. Ni ile moto kubwa, kiti ya chini, guidon mupana, mu Bunia iko moja tu. Nyuma haina ressort ya chuma, inabebwa na mifuko ya hewa. Papa Alphonse alikuwa mutu munene, wa kucheka sana. Alikufa hapa mu mwezi ya kwanza. Aliomba bamupeleke kwao Bogoro, lakini ile wiki barabara ilifungwa ju ya usalama, bakamuzika hapa. Mama Espérance alisema: «Toka siku ile, kila asubui moto iko imelala nyuma. Batoto banaogopa kupita pale. Muisimamishe, ao muniondolee.»

Nadège, chef wetu, alisema ni hewa inatoka. Muzee alifungua, na kweli mufuko ya zamani ya caoutchouc ilikuwa imepasuka. Akatia mupya ya nguvu, zilitoka Kampala: mufuko mbili ya hewa, na kompresa yake kidogo. Akajaza hewa, kilo saba kwa kipimo. Moto ikanyanyuka matako kwanza, kama ng'ombe. Muzee akapiga alama ya chaki kwa ukuta, pale kiti ya nyuma ilifika.

Asubui, kiti ilikuwa vidole ine chini ya chaki.

Kahindo, fundi mwenzetu, alicheka: «Muzee, retraite inakuita upumuzike, moto inakataa!»

Muzee alifungua tena nyuma. Alitia ile mifuko mu bassin ya maji: hata bulle moja ya hewa haikutoka. Akairudisha, akajaza. Kesho yake, vidole ine. Siku ya tatu akatuita tuangalie kipimo ya hewa. Hewa ikitoka, kipimo inashuka, hata mutoto anajua. Hii ilipanda. Ilikuwa saba na nusu. Ile inafanyikaka tu mutu akikaa juu.

Kahindo mwenyewe alivua kofia.

Muzee aliapa hatarudisha funguo yake ya garage kabla ile moto isimame. Tulimuona anazunguka kile kiti, anaangalia, hakukaa hata mara moja. Nadège akamuuliza: «Muzee, weye leo hukae nyuma?»

Akajibu: «Mahali iko na mutu.»

Akatuma baite Mama Espérance. Alimuambia pole pole: «Mama, huyu si kwa kutusumbua. Ni client. Anangoja tumupeleke kwao.»

Mama alilia. Kisha akafunga kitambaa muzuri kwa kichwa, akasema: «Basi twende.»

Barabara ya Bogoro ilikuwa imefunguka. Saa ine ya asubui, jua kali, Muzee alikamata guidon. Nyuma yake kiti wazi. Siye tulifuata na moto ya garage, tulimubeba Mama Espérance. Tuliona ile moto inapanda mulima na nyuma imelala. Kila shimo Muzee anapunguza, na tunasikia anasema: «Pole, Papa.» Vumbi nyuma yake ilikuwa inajigawa mara mbili, huku na huku, kama inapita kando ya mugongo mupana.

Kwa lupango, kiwanja ya baba ya Alphonse, Muzee akazima injini. Alisema: «Tumefika.» Tukangoja. Mbuzi yenye ilikuwa kwa mulango ikasimama, ikatoka njiani. Kisha nyuma ya moto ikanyanyuka bila sauti, kidole, kidole, mpaka juu. Muzee akainama kwa kipimo. Saba.

Mama Espérance alisema: «Alphonse, ukae muzuri.» Akaingia kusalimia bakwe zake.

Toka ile siku moto haishuke. Mama Espérance ndiye anaendesha sasa, na mutoto wake wa kwanza nyuma. Muzee amerudisha funguo. Chaki ingali kwa ukuta, hakuna mwenye amefuta.

Muzee Osée, aksanti kwa mikono yako, aksanti kwa mugongo yako. Leo kisha kula chakula tutakupeleka kwako na moto. Utakaa nyuma, na safari hii si ya kupima. Kwa mashimo tutapita pole pole. Upumuzike, ulime, ulale hata saa ya mangaribi kama unapenda. Na tukifika kwa mulango yako, hatutageuka mbio. Tutangoja kwanza moto inyanyuke.