Ugonjwa wa Ukoo Wetu

Basini, kwenye kiti cha mbele yangu, mama aliyempakata mtoto mwenye selimundu alikuwa akimlalamikia mzee aliyeketi naye. "Mama mkwe kashikilia kwamba ugonjwa huu umetoka ukoo wetu."

"Mumeo amweleweshe, mwanangu. Selimundu hurithiwa kwa baba na mama, wote wawili. Mjukuu wangu kafundishwa hayo chuoni."

"Anayeyafundisha chuoni ndiye mume wangu."

Mzee akakohoa. Mimi nikazama kusoma tangazo la dawa ya mende.

"Na nyumbani anasemaje?" mzee akauliza.

"Nyumbani anaongeza sauti ya redio."

Basi likasimama hospitali. Mama akainuka, akamweka mtoto begani. "Juzi kasahihisha mitihani, mzee. Waliojibu kama mama yake, wote kawapa sifuri."