Kumi na Wawili Wasioshika Jembe

Benchi lilikuwa mbele ya kibaraza changu cha ushonaji, karibu na soko la Mbeya, na mwaka ule wa hamsini na tano lilikuwa na wenyewe watatu. Wa kwanza ni Saulo, karani mstaafu wa boma, aliyepiga mihuri miaka ishirini na miwili na hakuamini kitu chochote kisichokuwa na muhuri, tulimwita Muhuri. Wa pili ni Yotamu wa Tukuyu, aliyerudi kutoka vita vya Burma na koti moja na habari nyingi. Huyo ni Bama. Wa tatu ni Didas, aliyekwenda Lupa kuchimba dhahabu akarudi na birika, na sasa alituuzia kahawa. Jina la Lupa lilimbakia, dhahabu haikubaki. Mimi nilikuwa Fundi tu. Nilipewa magazeti ya zamani, nikayasoma kabla ya kuyakata kuwa vipimo vya suruali, kwa hiyo habari zangu zilikuwa za kweli ila zilichelewa. Jumamosi moja ya Februari, ukungu wa mlima Loleza umeshuka mpaka kwenye mabati, akaja Mwalimu Tadeo Kalinga, Mhehe wa Idodi, anayefundisha shule ya kati ya bweni iliyoko njia ya Mbalizi. Mkononi alikuwa na barua.

— Kamwene, wazee.

— Kamwene, Mwalimu, Lupa akajibu. Barua ya msiba au ya serikali?

— Ya Bwana Elimu. Mzee Saulo, nisaidie kuisoma. Mimi nimeisoma mara nne, nataka sasa isomwe na mtu aliyezoea.

Muhuri alifuta miwani. Barua ya ofisi yeye huisoma kutoka chini: kwanza sahihi, halafu tarehe, halafu namba ya faili, na maneno mwishoni kama muda umebaki.

— Sahihi ni yake. Namba ipo. "Yahusu: Darasa la Wanafunzi Wenye Akili Zilizopita Kiasi."

— Zilizopita kiasi cha nani? Bama akauliza.

— Cha serikali, Lupa akasema. Kipo kiasi, lazima kipo. Hata mbwa wana kodi.

Mwalimu Tadeo akaeleza. Shule mbili zimeandikiwa barua hii, yake na moja ya Iringa. Kila shule ichague watoto kumi na wawili wa darasa la saba, wenye akili kuliko wenzao, ipange somo la muhula mzima linaloitwa Maarifa ya Binadamu, yaani historia, jiografia na uraia zikifundishwa kama kitu kimoja. Mpango ufike ofisini kwa Bwana Elimu leo kabla ya saa sita. Shule itakayoshinda itapewa darasa hilo, na pamoja nalo kasha la vitabu mia mbili na ramani ya dunia.

— Ramani si mnayo? nikamuuliza.

— Tunayo. Katika ramani yetu nchi hii bado ni ya Mjerumani. Kila mwaka nawaambia watoto, hapa angalieni mito, msisome jina.

— Na vitabu?

— Cha historia ni kimoja, nakala saba, watoto arobaini na watano. Yupo mmoja, Asukile, ameazima nakala zote saba moja baada ya nyingine, akitumaini mojawapo itakuwa na kurasa zaidi. Alipomaliza ya saba akaja kuniuliza kama dunia imeishia hapo.

Lupa akamjazia kikombe.

— Ukamjibu nini?

— Nilimwambia vitabu vingine viko njiani. Hiyo ilikuwa mwaka jana.

— Saa ngapi sasa? Muhuri akauliza, akitoa kalamu.

— Tatu na nusu.

— Basi tuna muda. Nimeona wilaya ikigawanywa kwa muda mfupi kuliko huo.

Bama alitaka jiografia iwe yake. Alisema haina ugumu: mtoto aanzie hapa kwenye benchi, aende Iringa, aende Dodoma, apande treni mpaka Dar es Salaam, apande meli mpaka Kolombo, na wiki ya kumi na mbili awe Burma.

— Na kurudi? Lupa akauliza.

— Kurudi ni muhula wa pili.

— Ndiyo maana watu wanakuogopa ukianza kusimulia. Mwalimu, nisikilize mimi. Kule machimboni hatukupewa dhahabu, tulipewa shimo. Historia nayo ichimbwe. Kila mtoto apelekwe kwa mzee mmoja na swali moja. Arudi na maneno debe zima, ayaoshe darasani mbele ya wenzake. Kitakachobaki chini, hicho ndicho historia.

— Mzee akimdanganya je? Mwalimu akauliza.

— Uongo ni mwepesi, utakwenda na maji.

Muhuri hakupendezwa na maji. Yeye alisema msingi wa binadamu ni barua za maombi. Watoto waunde boma lao darasani: mmoja awe Bwana DC, mmoja karani, mmoja jumbe, na waliobaki walete malalamiko.

— Wale wenye akili kuliko wote ndio wawe walalamikaji, akasema. DC anaweza kuwa yeyote.

Bama akalipenda boma hilo, lakini akataka liwe na kesi ya maana. Ashitakiwe yule Mzungu wa kitabuni aliyevumbua ziwa la Nyasa. Mtoto wa Kyela asimame shahidi, aseme babu yake alikuwa akivua papo hapo asubuhi ile ile, na hakuona kitu kikivumbuliwa.

— Hiyo isiandikwe, Muhuri akasema.

— Basi waandike barua, Lupa akasema. Wale wa Umoja wa Mataifa walipita tukaambiwa tuko chini ya udhamini. Watoto waulize tu, kwa adabu, mdhamini hukaa muda gani.

Muhuri akachukua kikombe chake akakisogeza mbali na cha Lupa.

— Mwalimu, usimsikilize huyu. Anataka ufundishe uraia ukiwa rumande.

— Wewe mwenyewe unataka nini, Mwalimu? nikauliza, maana tulikuwa tumekwisha kumpangia mambo ya miaka minne.

Mwalimu Tadeo akanyoosha kidole kwenye matope mbele yetu, lori la viazi likipita.

— Barabara hii. Muhula mzima, kitu hicho kimoja. Imetoka wapi na inakwenda wapi, hiyo ni jiografia. Nani aliichimba, na aliitwa au alikamatwa, hiyo ni historia. Nani aliamua ipite hapa isipite kule, huo ni uraia. Wazee aliowataja Lupa wataulizwa. Barua za maombi za mzee Saulo zitaandikwa, waombe kuona mafaili. Na anayetaka kufika Burma afike, mradi aanzie mlangoni kwetu.

Tuliangalia vikombe vyetu, jinsi watu wanavyofanya mwenzao anapokuwa na akili bila kuwaomba ruhusa.

— Utapita, Muhuri akasema.

— Mimi?

— Mpango. Hauna mtu wa kushitakiwa ndani yake.

— Yumo, Bama akasema. Ila hajatajwa.

Wakaandika. Muhuri alisoma kwa sauti ile ya boma, Mwalimu akanakili kwa mwandiko wake mzuri wa misheni, juma kwa juma. Juma la kwanza, watoto wapime barabara kwa hatua kutoka shuleni hadi darajani, kisha wachore. Juma la nne, wazee. Juma la saba, sheria za njia na nani huzitunga. Bama aliwekewa nusu siku katika juma la kumi na moja. Majina kumi na mawili yakafuata, na la kwanza lilikuwa Asukile.

Barua ilikuwa na masharti sita, na Muhuri aliyapita moja moja akiyawekea alama. Kwenye kifungu cha nne alitabasamu.

— Hiki kimeandikwa na mtu mwenye huruma. "Wanafunzi hawa waondolewe kazi za shamba, ili wapate saa za ziada." Saa nane mpaka saa kumi, wenzao wakiwa kwenye palizi, hawa wanasoma. Muda umepatikana bila kumwomba mtu.

— Na vipande vyao vya shamba la mahindi? Mwalimu akauliza.

— Watavilima wenzao. Thelathini na watatu kwa kumi na wawili, hata hawatasikia uzito.

Mwalimu akaandika. Ilikuwa saa tano imepita, mpango umekunjwa, na Lupa alikuwa akisifu barabara kana kwamba aliichimba peke yake, alipofika mama mmoja na kapu la maharage kichwani. Nguo ilikuwa imelowa mpaka magotini. Alimtazama Bama, akamsalimu Kinyakyusa, Bama akasimama kumjibu. Jina lake Atuganile. Alikuwa ameteremka kwenye lori la Tukuyu na anakwenda shuleni. Sokoni wamemwambia Mwalimu yuko hapa.

— Huyu ni mama yake Asukile, Bama akatutangazia, kana kwamba mtoto amemzaa yeye. Mama, umefika siku njema. Mwanao jina lake ndilo la kwanza hapa. Serikali imeona ana akili zilizopita kiasi. Kuanzia sasa hashiki jembe. Wenzake wakienda shambani, yeye anabaki anasoma.

— Ndaga, mama akasema, akishukuru. Na kipande chake cha mahindi?

— Wenzake watakilima.

Akaliteremsha kapu, akaliweka chini taratibu.

— Sasa atakula na nani?

— Chakula ni cha shule, mama, Muhuri akamwambia. Kila mwanafunzi ana haki ya posho yake, imeandikwa.

— Posho najua ataipata. Nauliza atakula na nani.

Muhuri akaifungua barua. Alianza chini, kwenye sahihi, akapanda mpaka juu, akashuka tena. Mimi nilidhani mama hajaelewa. Lakini Bama alikuwa amekaa, na lile tabasamu la kutangaza lilikuwa limemtoka.

— Kwetu, akasema, vijana wa rika moja wanalima pamoja. Jua likiwa kali wanakwenda kula kwa mama wa mmoja, kesho kwa mama wa mwingine. Mimi nimekula hivyo mpaka nilipooa. Mama anapika cha wote.

— Na asiyelima nao? nikauliza.

— Hafukuzwi. Hakuna atakayemwambia neno. Akifika anakuta wamemaliza.

— Hayo ni ya vijijini, Muhuri akasema, ila sauti yake haikuwa na nguvu. Shule ni shule.

Mwalimu Tadeo alikuwa akiutazama ule mpango uliokunjwa.

— Shuleni wanakula sita sita, sinia moja, akasema. Siku zote nilidhani ni mimi niliyewapanga. Hapana. Wanakaa kama walivyopangana shambani, wa tuta moja sinia moja. Mimi Mhehe, niliona tu kwamba hawagombani, nikaandika kwenye ripoti kwamba nidhamu ni nzuri.

— Alifika hapo akiwa mdogo kuliko wote, mama akasema. Mwezi mzima alikuwa akiniambia anashiba. Nilimjua anadanganya. Sasa hivi hasemi anashiba, ananitajia majina. Maharage haya si yake. Ni ya wale sita.

— Mzee Saulo, Mwalimu akasema, kifungu cha nne kinaweza kutoka?

— Ni sharti. Ukilitoa umekataa sharti, na Iringa hawatakataa.

— Somo likiwa usiku, baada ya chakula?

— Kifungu cha sita. "Mafuta ya taa yasiongezwe."

— Alfajiri?

— Alfajiri ni kuchota maji. Unaniuliza mimi, wakati shule ni yako?

Mwalimu akaufungua mpango juu ya goti. Alichukua kalamu ya Muhuri bila kuomba, akakata mstari ule mmoja, mara moja, pole pole, kama mtu anayekata kitambaa cha mtu mwingine. Juu yake akaandika. Muhuri akainama kusoma.

— "Watalima na wenzao kama kawaida. Saa ya somo itatafutwa." Mwalimu, "itatafutwa" si saa.

— Najua.

— Watauweka kando kabla ya kufika juma la kwanza. Barabara yote hiyo hawataisoma.

— Najua, mzee wangu. Saa?

— Sita kasoro robo.

Alimshika mama mkono kwa mikono miwili, akamwambia amngoje hapa, watarudi shuleni pamoja na kapu atalibeba yeye. Kisha akapanda kuelekea ofisini kwa haraka, karatasi ameiingiza ndani ya koti isilowe. Mama alimtazama mpaka ukungu ukamficha.

— Mbona ameondoka hivyo? Nimemkosea?

— Hujamkosea, Bama akasema. Anakwenda kupoteza vitabu.

— Vitabu gani?

Bama akanigeukia mimi. Muhuri akaanza kuikunja barua, akaikunja tena mahali palipokwisha kukunjwa. Lupa akainamisha birika juu ya kikombe safi alichomtengea mgeni. Likatoa mashapo ya kahawa, kisha halikutoa kitu. Tangu saa tatu na nusu tulikuwa tumepanga muhula mzima kwa ajili ya vitabu hivyo; nikafuta benchi kwa kitambaa, nikamkaribisha mama akae angoje.