Mzee Azzan Hamoud na Gari Aliyokuwa Akiichaji Uroa

Bismillahi Rahmani Rahim.

Wazee wetu, ndugu, majirani na marafiki, wanaume mliokaa chini ya turubai na kina mama mliomo ndani, familia inakushukuruni kwa kuitikia hitma hii, na inaomba mtulie kidogo msomewe maisha ya mzee wetu, yaliyoandikwa na mjukuu wake kutokana na aliyoyaona na aliyosimuliwa, na yanayosomwa na mwanawe Ayoub, ambaye aliyasoma kwanza peke yake chumbani, akatoka akasema yasomwe kama yalivyo, lisipunguzwe neno.

Marehemu Azzan Hamoud Mbarouk alizaliwa siku ya Jumatatu, tarehe 14 Machi 1955, Malindi, Mji Mkongwe, akiwa mtoto wa tano na wa mwisho wa Bwana Hamoud Mbarouk, muuza vitambaa, na Bi Basma Salim, katika nyumba ya ghorofa mbili iliyokuwa na watu ishirini na wawili, wajomba, mashangazi, watoto wao na wageni wasiokwisha, na mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba hakupata kulala peke yake katika nyumba mpaka alipotimia miaka sitini na minne, na kwamba usiku huo wa kwanza alidhani amekuwa kiziwi.

Alisoma Kurani chuoni hapo hapo Malindi, akaanza skuli mwaka 1962, akamaliza mwaka 1972, kisha akajifunza ufundi wa umeme kwa miaka miwili, na tarehe 2 Februari 1976 aliajiriwa katika karakana ya bandari, ambako alifanya kazi miaka thelathini na tisa bila ya kupewa onyo hata moja. Kazi yake hasa ilikuwa kuzitunza betri za zile gari za kunyanyulia mizigo, kuzitia maji, kuzichaji na kuzipumzisha, na vijana waliokuwa chini yake wanakumbuka akiwaambia, "Betri haitaki pupa, ukiiharakisha inakufa kijana." Alistaafu mwaka 2015.

Siku ya Ijumaa, tarehe 12 Novemba 1982, alimuoa Bi Hamda Khalfan, na wakajaaliwa watoto watatu, Ayoub aliyezaliwa mwaka 1984, Tahiya aliyezaliwa mwaka 1986, na Basma aliyezaliwa mwaka 1990 na kufariki kabla ya kutimiza siku arubaini. Mwaka 1996 walihamia hapa Mpendae, katika nyumba hii mliyokaa. Tahiya aliolewa Uroa, kule pwani ya mashariki, mwaka 2006 na Bwana Khatib Kificho, fundi wa mashine za boti, na Ayoub alikwenda Maskati kutafuta maisha mwaka 2011, wakabaki wazee wawili, na tarehe 9 Agosti 2019 Bi Hamda akatangulia mbele ya haki, akabaki mmoja.

Miaka mitatu iliyofuata hakuizungumza sana, lakini jirani yake, Bi Muzdalifa, anasema kwamba kila asubuhi aliuona moshi wa jiko lake saa ile ile, na kila asubuhi alimuona akimwaga chai kwenye mpapai, kwa sababu alikuwa bado anapika birika la watu wawili. Uroa alikwenda mara tano tu katika miaka hiyo mitatu. Sote tunaijua ada yetu, mzee haendi ukweni kwa binti yake kila akijisikia, akakaa kitako akalishwa, watu watasema hana kwao, basi alikuwa akienda siku ya Idi, au mtoto akizaliwa, akinywa chai moja, akisema anaogopa kuchelewa, na kurudi kwenye nyumba ambayo hakuna aliyekuwa akimngoja.

Tarehe 23 Mei 2022 alinunua gari ndogo nyeupe ya umeme, iliyokwisha kutumika Japani, ikashushwa bandarini Malindi mbele ya wenzake wa zamani waliokuja kuitazama kama wanaotazama samaki asiyejulikana jina. Rafiki yake, Bwana Mmanga, fundi umeme wa mtaa huu, alizunguka gari mara mbili akasema, "Azzan, umenunua toche yenye viti," na marehemu akamjibu, "Wewe ingia, toche hii itakufikisha kwako."

Gari ile ilikuwa na taabu zake, na ni haki kuzisema, kwa sababu wengi mmekuwa mkiuliza. Aliichaji kwa waya uliopitishwa dirisha la jiko, ikachukua usiku mzima, na jioni, mtaa mzima unapowasha mafeni na mafriji, umeme wa Mpendae ulikuwa ukipungua mpaka taa zinafifia na gari inakataa kula. Mji Mkongwe haikufaa kwenda nayo kukaa, maana vichochoro havipitishi gari na hapana mtu atakayeshusha waya kutoka ghorofani. Siku moja aliomba kuichaji msikitini, wakubwa wa msikiti wakakaa kitako wakajadiliana kama umeme wa wakfu unafaa kuendeshea gari ya mtu, na kabla hawajamaliza yeye mwenyewe akauchomoa waya, akasema jambo linalohitaji mjadala bora liachwe. Mafundi wa gari walimwambia hawaigusi. Maandishi yote ya ndani yalikuwa ya Kijapani, na kila alipoiwasha, sauti ya mwanamke ilisema maneno ambayo hakuna aliyeyafahamu mpaka leo.

Chaji yake ilionyeshwa kwa vijiti kumi na viwili vinavyozimika kimoja kimoja. Ijumaa ya tarehe 10 Juni 2022, baada ya sala, alikwenda nayo Uroa kwa mara ya kwanza, akawasha mashine ya baridi njia nzima kwa ajili ya joto, akafika amebakiwa na kijiti kimoja. Aliona haya mno. Mkwe wake, Bwana Kificho, babake Khatib, alileta waya mwenyewe, akauchomeka ukumbini, na Bi Sichana, mkewe, akatoka na kahawa akicheka, "Mkwe, hebu kaa, mtoto wako ananyonya, utamtoaje ziwani?" Alikaa saa nne. Alikula, alisimuliwa habari za Uroa nzima, alitengeneza swichi ya jikoni iliyokuwa ikitoa cheche, akasali na wenyeji laasiri na magharibi, akaondoka na samaki waliofungwa kwenye jani.

Ijumaa iliyofuata alirudi tena, akasema umeme wa Mpendae mdogo, gari haikujaa, na ikawa hivyo kila Ijumaa kwa mwaka mmoja na miezi minane. Wakwe hawakuchoka. Anayekwama njiani hafukuzwi, wala haulizwi amefuata nini, na watoto walikuwa wakimkimbilia wakipiga kelele, "Babu kaja kunyonyesha!"

Kazi ya kuchomeka waya alipewa mjukuu wake Ilham, binti wa kwanza wa Tahiya, ambaye mwaka ule alikuwa ameacha skuli akiwa kidato cha pili, mama yake alipojifungua pacha na nyumba ikakosa mikono. Marehemu hakupenda akae bure, basi katika zile saa nne alimfundisha hesabu na umeme, unatoka wapi, unapita wapi, kwa nini unachoka njiani, na alimuonyesha kwamba kutoka Uroa mpaka Mpendae gari hula vijiti vitano. Binti akatazama. Gari ilikuwa na vijiti saba. Akatoa tano katika saba, akapata mbili, akamtazama babu yake na waya uko mkononi, na babu akamwambia kwa sauti ndogo, "Hesabu yako nzuri, mama, lakini si kila hesabu husomwa kwa sauti." Akauchomeka. Tokea siku hiyo gari ilifika Uroa na vijiti saba, siku nyengine vinane, na ikachomekwa kama maskini aliyefika na njaa, na wawili hao hawakulizungumza tena.

Siku moja umeme wa Uroa ulikatika tangu adhuhuri, na Bwana Kificho akasikitika akisema mgeni atalala hapa kwa shida yetu. Marehemu alisikitika pamoja naye. Alilala ukumbini na wajukuu sita, na asubuhi Tahiya alimkuta amekwisha kuamka, hasogei, kwa sababu mmoja wa pacha amelala juu ya mkono wake.

Mwezi wa Februari 2024 watoto wake walishauriana kwa simu kuhusu usalama wake, maana mzee wa miaka karibu sabini anayesafiri kila wiki na gari isiyojaa anaweza kukwama porini, na Ayoub akamuuliza Ilham, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akichomeka, "Babu anafika na chaji kiasi gani?" Ilham alijua. Akiona kwamba akisema atamvua babu yake nguo mbele ya wakwe, alijibu, "Sijaangalia, mjomba." Basi Ayoub, kwa mapenzi yake, na asitokee mtu wa kumlaumu kwa hilo, alituma kutoka Maskati sanduku la kuchajia, zuri, la kupachikwa ukutani, na Jumapili ya tarehe 3 Machi 2024 Bwana Mmanga alilipachika hapo nje, akavuta waya mnene kutoka kwenye nguzo, na gari ikajaa vijiti vyote kumi na viwili kabla ya chakula cha jioni.

Marehemu alimshukuru mwanawe kwa dua ndefu. Watu walipoondoka, Bwana Mmanga anasema, aliligusa lile sanduku kwa kiganja, akauliza, "Mmanga, kitu hichi huharibika?" na Mmanga akajibu kwa fahari ya fundi, "Miaka kumi hakikusumbui." Akasema alhamdulillahi, akaingia ndani, akaisahau chai yake juu ya ukuta wa nje.

Ijumaa iliyofuata alifika Uroa. Bwana Kificho alikuwa ameshapata habari, akamlaki kwa furaha ya kweli, akasema, "Mkwe, umepumzika na taabu, leo huna haja na waya wetu!" Kila mtu alimpa hongera. Alikunywa kahawa, akasema anaogopa kuchelewa, na baada ya nusu saa akaondoka, na wajukuu wakabaki na waya ukumbini wasijue wauchomeke wapi. Alikwenda tena baada ya wiki mbili, kisha Idi, kisha baada ya mwezi, na baada ya Idi Kubwa hakwenda tena, na kila alipopigiwa simu alisema hajambo, gari haijambo.

Bi Muzdalifa anasema miezi ile alikuwa akimuona kila siku baada ya laasiri ameketi ndani ya gari yake hapo uani, imejaa chaji, haendi popote. Siku moja alisogea kumpelekea visheti, akamsikia akiiwasha, yule mwanamke wa Kijapani akasema maneno yake, na marehemu akaitika, "Naam." Akaizima, akaiwasha tena, akaitika tena, "Naam, bibi, nipo." Bi Muzdalifa aliviweka visheti juu ya boneti akarudi kwake, na ameomba hili lisemwe hapa, kwa sababu linamuuma kwamba hakugonga kioo.

Marehemu alikuwa na maradhi ya sukari kwa miaka kumi na moja, na mwaka jana moyo nao ulianza kumsumbua, ingawa hakumwambia mtu. Jumanne ya tarehe 14 Januari 2025, saa tatu asubuhi, alianguka ukumbini kwake, na Bwana Mmanga aliyekuja kuomba bisibisi alimkuta, akampakia katika gari ile ile akamkimbiza hospitali ya Mnazi Mmoja, ambako alipokewa vizuri na kulazwa. Tahiya na Ilham walifika mchana huo huo, hawakuondoka tena, na Ayoub alipanda ndege ya kwanza aliyoipata.

Alhamisi, tarehe 16 Januari 2025, baada ya alfajiri, alifungua macho akamtambua Ilham, akamuuliza, "Vijiti vingapi, mama?" Gari ilikuwa nje, na Ilham alikuwa ameiwasha usiku akatazama, na ilikuwa na vijiti kumi na kimoja. Akamwambia, "Kimoja tu, babu. Haifiki." Mzee akatabasamu kama alivyokuwa akitabasamu ukumbini Uroa, akasema, "Basi nkae kidogo, mpaka ijae." Akakaa. Alikaa na binti yake na mjukuu wake, mikono yake miwili imeshikwa, mpaka saa nne na robo ya asubuhi, na alizikwa siku hiyo hiyo baada ya laasiri. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Ameacha watoto wawili na wajukuu tisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa siku mbili bila ya kuchoka, inawashukuru wenzake wa bandarini waliobeba jeneza, Bwana Mmanga, Bi Muzdalifa na Mpendae yote. Wakwe zetu wa Uroa, Bwana Kificho na Bi Sichana, tunakuombeni radhi kwa Ijumaa zile zote ambazo gari haikuuhitaji umeme wenu, na tunakushukuruni, kwa sababu mwenye gari aliuhitaji. Anayemdai marehemu chochote aje kwa Ayoub. Na aliye na mzee anayekaa peke yake, asingoje apewe sababu.

Pumzika, Mzee Azzan. Mola akupe huko uliko nyumba yenye watu, na majirani wema wa kukaa nao bila ya kuulizwa umefuata nini. Amin.