Magari Kumi na Moja ya Gundi

Marehemu, ambaye wengi tulimwita Gundi kwa kuwa vidole vyake havikukosa gundi iliyokauka, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha ngozi, mtoto wa tatu wa seremala na mkewe mshonaji. Mama yake alisema alichelewa kulia, na tangu hapo hakuwa mtu wa kelele.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1966, kisha shule ya ufundi mwaka 1969. Mwalimu wake wa umakanika alimwandikia kwenye cheti: "Mikono hodari, mdomo mzito."

Mwaka 1970 aliingia jeshini, akatengeneza magari kwa miaka tisa, kambini na vitani. Aliporudi uraiani aliajiriwa na karakana ya idara ya maji hadi alipostaafu, Juni 2006.

Tarehe 6 Desemba 1980 alimwoa muuguzi aliyewahi kumfunga bandeji na kumkanya, "Wewe, utakuja kuishiwa vidole!" Walijaliwa mabinti wawili.

Akitoka kazini, alikaa sebuleni akiunda magari ya jeshi, madogo kama kiatu cha mtoto. Boksi lilikuwa bodi, kandambili iliyochakaa ikawa matairi, mrija wa kalamu ukawa mzinga. Alipima kwa rula ya shule. Kipimo kikizidi kidogo, anabomoa. Kwa miaka ishirini na sita aliunda kumi na moja tu.

Mkewe ameomba yanayofuata yasomwe jinsi yalivyo, yasipambwe.

Tarehe 11 Agosti 2007, wiki moja kabla ya harusi ya binti mdogo, mkewe alitaka kabati la sebuleni, yalimokaa magari hayo, liwe la vyombo vya wageni. Marehemu hakuwepo. Mkewe akayatia magari yote kwenye gunia, akayachoma pamoja na takataka.

"Yako wapi?" marehemu aliuliza aliporudi.

"Yale maboksi? Nimeyachoma. Mzee mzima na magari ya kuchezea, wakwe watatuonaje?"

Alitoka nje, akachokoa jivu kwa kijiti, akanawa mikono. "Basi," akasema. Hakuunda tena, na mkewe akajiambia kwamba mumewe ameridhika.

Figo zilianza kumsumbua Oktoba 2021. Februari iliyofuata, dereva mstaafu aliyetumika naye jeshini alikuja kumjulia hali wodini. Walipotoka hadi koridoni, dereva akamuuliza mke wa marehemu:

"Shemeji, yale magari bado mnayo? Lori la nne ni la kaka yangu."

"La kaka yako kivipi?"

"Kila moja ni gari lililolipuka na mtu wake ndani. Jina ameliandika chini ya bodi. Hukuona?"

Hakuona. Kwa miaka yote ile aliyafuta vumbi juu tu, hakugeuza hata moja. Alirudi wodini kwa mumewe.

"Mume wangu, kwa nini hukuniambia?"

"Kila siku ulirudi kutoka wodini na wafu wako. Nikuongezee na wangu?"

"Nisamehe."

"Nilishakusamehe siku ile ile."

Hilo ndilo linalomuuma zaidi: zaidi ya miaka kumi na minne alikula, akalala, akacheka akiwa amesamehewa, na alikuwa hajaomba.

Marehemu alimtajia majina yote kumi na moja bila kukwama, naye akayaandika. Kisha kwa boksi la dawa waliunda upya lori la nne. Mgonjwa akielekeza, mkewe akikata. Matairi yalikwenda upande, na marehemu alicheka mpaka akakohoa. Dereva alilichukua kwa mikono miwili. Mengine kumi hawakuwahi kuyafanya.

Alifariki tarehe 3 Mei 2022, saa kumi na mbili asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wakwe wawili, wajukuu watano na dada mmoja. Kama wapo hapa ndugu wa yeyote kati ya wale kumi, mjane anaomba msiondoke kabla hajawaona. Ana neno la kuwaambia, na safari hii hataki kuchelewa.

Pumzika, Baba. Amani uliyotuachia sisi, uipate na wewe.