Kesi ya Kibodi Iliyonyamaza

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha Wembe, kinyozi. Mguu mmoja wa benchi ulichongwa upya kutoka ubao wa kitanda, hivyo anayekaa upande ule huwa na msimamo usioaminika katika mjadala wowote. Hukaa hapo Sponji, fundi makochi. Katikati hukaa Mzee Rejea, mstaafu wa masijala, ambaye katika utumishi wake wote hakuwahi kupoteza jalada hata moja, kwa maana hakuwahi kumkabidhi mtu jalada lolote. Shangazi hutuuzia kahawa kutoka birika lenye mdomo uliopinda; si shangazi wa yeyote kati yetu, ila hutugombeza kana kwamba ubaya wetu tumeurithi kutoka ukoo wake. Mimi hukaa ninapopata. Jioni ile nafasi yangu ilikuwa imekaliwa na beseni la maji ya sabuni, na ndani ya beseni zimelowekwa herufi zote tunazozijua, pamoja na tarakimu, mkato na nukta. Pembeni, kainama kama mfiwa, alikuwa Herufi mwenyewe, karani mchapaji wa Ofisi ya Vibali, na mapajani kapakata kibodi iliyonyolewa kipara.

Wembe: Kaa polepole, kaka. Umekanyaga Q.

Mimi: Msiba wa nani huu?

Herufi: Wangu. Kesho asubuhi naitwa kwa Mkuu nikajieleze kwa nini sifanyi kazi.

Mimi: Na kwa nini hufanyi?

Herufi: Nafanya! Tatizo haisikiki.

Habari yenyewe tuliijua tangu mwanzo, maana ilizaliwa hapa benchini. Herufi alipoajiriwa kwa majaribio, alijinunulia kibodi iliyotumika, ya zile nzito wanazozipenda watu wanaopenda kibodi, ambazo kila kitufe kina swichi yake na kila swichi ina springi yake. Ilikuwa na kelele kama bisi zinazopasuka sufuriani. Mkewe ni muuguzi wa zamu ya usiku, hulala mchana. Akamwambia achague: yeye au hilo limashine. Herufi, mtu wa busara, akachagua vyote viwili. Akaitandaza kibodi mezani nyumbani, akafungua swichi moja moja, akaipaka kila moja grisi kwa brashi nyembamba kama kope, akaifunga. Wembe akatoa mafuta ya mashine ya kunyolea kwa ajili ya springi. Sponji akatoa sponji la kutandika ndani. Kile kitufe kirefu cha chini, ambacho waya wake ulikuwa ukigongagonga, kilinyooshwa kwa koleo hapa hapa, huku Mzee Rejea akisimamia kwa methali ya samaki mkunje angali mbichi. Ilipokamilika, kuibonyeza ilikuwa kama kubonyeza shavu la mtoto. Mke akalala. Benchi likasherehekea. Herufi akaibeba kibodi yake kwapani, kama kila asubuhi, akaenda nayo ofisini.

Mimi: Sasa kimya na uvivu vimekutana wapi?

Herufi: Mkuu wetu haonekani, ndugu yangu. Anakaa nyuma ya ukuta wa plaiwudi, mlango kafunga, anasikiliza. Ndivyo anavyosimamia kitengo. Vitufe vikilia, kazi inakwenda. Vikinyamaza, anagonga plaiwudi.

Mimi: Akigonga?

Herufi: Wote tunabonyeza. Chochote.

Wembe: Na wewe ukabonyeza?

Herufi: Nilibonyeza mpaka vidole vikavimba! Akagonga tena. Akatoa kichwa, akasema, "Upande wa karani mpya kumekufa." Lakini yule mwenzangu wa dirishani, anayecheza mchezo wa magari kwenye kompyuta tangu asubuhi, anagonga vitufe kwa hasira maana kila kona anapata ajali. Huyo mwezi uliopita kapewa cheti cha mfanyakazi bora.

Rejea: Debe tupu haliachi kuvuma. Maana yake, debe lithibitishwe kazini.

Herufi: Mzee, mimi ndiye sijathibitishwa. Majaribio yangu yanaisha wiki hii. Kesho ama nakuwa mtumishi kamili, ama narudi kumweleza mke wangu kwamba nimefukuzwa kwa kosa la kumwacha alale.

Mimi: Basi si kesi ngumu. Aliyeinyamazisha airudishie sauti. Nani aliinyamazisha?

Mwezi uliopita swali hilo lingeleta ngumi, kila mmoja akidai ni yeye. Wembe alikuwa amefikia hatua ya kuwaambia wateja kwamba anashirikiana na serikali katika masuala ya kompyuta. Jioni ile kila mtu aliangalia kikombe chake.

Wembe: Mimi nilitoa tone. Tone moja! Na mafuta hayanyamazishi, yanalainisha. Yangekuwa yananyamazisha, wateja wangu wangenyamaza.

Sponji: Mimi nilitoa mabaki ya kochi la watu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa niliuziba. Huo ukuta wa plaiwudi sikuujenga mimi.

Herufi: Si wewe uliyeniambia niongeze safu ya pili?

Sponji: Nilishauri. Ushauri si sponji.

Rejea: Mimi sikutoa kitu chochote. Iingie kwenye kumbukumbu.

Shangazi: Wewe lini umewahi kutoa kitu? Hata kikombe changu cha jana hujakirudisha.

Wembe: Lakini mzee, wewe ndiye uliyesema grisi ipakwe mpaka ndani. Haba na haba hujaza kibaba, ukasema.

Rejea: Nilikuwa nazungumzia akiba.

Herufi: Jamani, kesho! Kuitoa grisi lazima nifungue swichi moja moja upya, nisafishe, nikaushe, nifunge. Kuipaka kulinichukua mwezi mzima wa jioni, mke wangu akinishikia taa kabla ya kwenda zamu. Leo haitoki.

Mimi: Sasa hizi herufi zinaoshwa za nini?

Wembe: Nilidhani kelele imo humo.

Herufi: Nilimwambia hivyo ni vifuniko tu, swichi ziko chini. Akanijibu kichwa huoshwa kwanza.

Mimi: Si utumie kibodi ya ofisi tu, ile uliyoikuta?

Herufi: Mkuu kaichukua. Kaiweka chini ya mguu wa meza yake, ilikuwa inayumba.

Sponji aliutazama mguu wa benchi letu kwa namna iliyonitia wasiwasi.

Sponji: Sikia dawa. Toa sponji langu, nikalichome, ushahidi upotee. Mahali pake jaza vizibo vya soda. Kila ukibonyeza, ndani vinacheza ngoma.

Herufi: Vizibo ni chuma. Vikigusa waya za chini, kibodi inaungua.

Sponji: Hata kuungua kuna sauti.

Rejea: Vijana, tufuate utaratibu. Aombe kengele. Zamani mashine za kuchapa zilikuwa na kengele mwisho wa kila mstari, na nchi ilikwenda.

Shangazi: Ilikwenda wapi?

Rejea: Mimina kahawa, Shangazi.

Wembe: Mnahangaika na kibodi, mgonjwa si kibodi. Mgonjwa ni Mkuu. Anataka sauti, apewe sauti. Tunachukua spika ndogo, tunaificha kwenye droo, tunacheza rekodi ya mtu anachapa. Saa mbili mpaka saa sita, inapumzika, saa nane inaendelea.

Herufi: Asubuhi mpaka jioni?

Wembe: Tena katikati tunaweka kikohozi. Ionekane ina afya mbaya lakini inajituma.

Sponji: Na mguno kidogo karibu na mwisho wa mwezi.

Rejea: Na ikienda likizo, nani ataikaimu?

Wembe: Haiendi likizo, mzee. Ni rekodi.

Rejea: Basi itatuletea matatizo. Mtumishi asiyechukua likizo ana anachokificha. Ndivyo tulivyofundishwa.

Sponji: Mimi naona hiyo rekodi itathibitishwa kabla ya Herufi.

Rejea: Itapandishwa cheo. Na tukifuata mantiki hiyo ya Mkuu, lile jenereta la duka la samani lingekuwa katibu wa wizara. Linaunguruma kutwa, linavuta moshi, na hakuna ajuaye umeme wake unakwenda wapi.

Kwa mara ya kwanza jioni ile Herufi aliinua kichwa. Sauti anazo, akasema. Kumbe watu wanaorekebisha kibodi hurekodi kabla na baada, wasikilizishane, wabishane. Simuni mwake alikuwa na rekodi ya kibodi yake enzi za ujana wake, kabla ya grisi. Akaiweka simu juu ya benchi. Tukaiinamia kama watu wanaosubiri matokeo ya uchaguzi.

Lo! Ilikuwa mvua ya mawe juu ya bati. Ilikuwa kazi tupu. Wembe alifumba macho. Hata Shangazi alisema kwamba mtu anayefanya kazi namna hiyo lazima ale vizuri. Ndipo Mzee Rejea, ambaye alizeekea masijala iliyopakana ukuta na chumba cha wachapaji, akainua kidole.

Rejea: Rudisha nyuma. Hapo. Tena. Bwana mdogo, hiyo ni sentensi moja. Inajirudia.

Herufi: Ni ya majaribio, mzee. Lazima maneno yawe yale yale, ndiyo utajua nini kimebadilika.

Mimi: Maneno gani?

Herufi: "Maombi yako yanashughulikiwa." Inagusa vitufe vya pande zote, na kile kirefu mara mbili. Huwezi kupata sentensi nzuri zaidi ya hiyo kwa kupimia.

Sponji: Na ofisini ulikuwa unapima?

Herufi: Kila nikirekebisha kitu nyumbani, lazima nikasikilize na ofisini. Chumba kikibadilika, sauti inabadilika.

Rejea: Kwa hiyo siku zile za kelele, Mkuu alikuwa akiisikia hiyo.

Herufi: Hiyo hiyo. Aliridhika sana. Alisema nina mustakabali.

Tulikuwa bado tunautafakari huo mustakabali alipotokea mwanamke na mtoto mgongoni, mkononi ana bahasha ya plastiki iliyokunjwa na kukunjuliwa mpaka ikawa laini kama kitambaa.

Mgeni: Hamjambo jamani. Samahani kwa kuwakatiza.

Rejea: Karibu, mwanangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hebu tusaidie: rekodi au vizibo?

Mgeni: Hayo siyajui, baba. Mlinzi wa Ofisi ya Vibali kanielekeza, kasema mchapaji wao hukaa hapa. Mimi ni fundi cherehani. Niliomba kibali cha kufungua chumba cha kushonea tangu huyu hajaota meno. Sasa ananing'ata. Cherehani zangu zimekaa kimya mpaka buibui kanizidi kushona.

Sponji: Pole, dada. Kimya kina sifa mbaya siku hizi.

Mgeni: Kila nikienda, naonyeshwa karatasi ile ile: maombi yako yanashughulikiwa.

Hakuna aliyemtazama Herufi. Tulimtazama kwa kutokumtazama.

Mgeni: Sikuja kugombana. Nataka kuuliza kitu kimoja tu. Yanashughulikiwa na nani?

Mzee Rejea alifungua mdomo, akatafuta methali, akaufunga. Sijawahi kumwona akitoka mikono mitupu. Wembe alikumbuka kwamba hajafagia, akaingia kibandani kufagia sakafu isiyo na unywele. Sponji alijisogeza, benchi likayumba, akabaki kuyumba nalo kana kwamba ndilo jibu. Shangazi aliinamisha birika juu ya kikombe changu, yakatoka mashapo.

Shangazi: Imekwisha.

Kwa jioni nzima, hiyo ndiyo taarifa pekee iliyotolewa benchini ikiwa kamili na ya kweli.

Herufi: Dada... kibali chako hakijapitishwa?

Mgeni: Kimepitishwa zamani. Wanasema kimebaki kuchapwa. Nimeuona mfano wake ukutani, ni mistari mitatu.

Herufi aliiweka kibodi kando. Alichutama kwenye beseni, akaanza kuzitoa herufi, moja moja, akizifuta kwa shati lake jeupe la kesho. Mwanamke alimtazama kidogo, akaweka bahasha chini, akachutama naye. Yeye anakausha, Herufi anapachika. Mara mbili alimrekebisha: hiyo ni sita, si tisa. Kitufe kirefu kilikwenda mwisho, kikaingia mahali pake bila hata kuguna. Herufi akachomeka waya wa kibodi kwenye simu, akaomba karatasi za mwanamke ayanakili majina yake.

Herufi: Naandika hapa, kesho nitaichapisha kabla sijaingia kwa Mkuu. Kutia saini si kazi yangu, lakini nitaipeleka mwenyewe mpaka mezani.

Mgeni: Hiyo mashine ina kelele?

Herufi: Haina.

Mgeni: Afadhali. Mtoto kalala.

Akaandika. Vidole vilikwenda upesi, vikarudi, vikaenda. Wembe alitoka kibandani na ufagio wake, akasimama. Sote tulitega masikio, Mzee Rejea kakunja kiganja nyuma ya sikio kabisa, na hatukusikia kitu ila mtoto akihema mgongoni kwa mama yake.

Rejea: (kwa kunong'ona) Kesho watamfukuza.

Mimi: Kwa nini, mzee? Si huyo anafanya kazi?

Rejea: Anafanya. Lakini nani kaisikia?