Mama Truphosa Kavumbi, Mpishi Aliyeyakataa Mafuta ya Zeituni

Mama yetu mpendwa, Truphosa Kavumbi, alizaliwa Rabai tarehe 14 Machi 1926, mtoto wa tatu wa Mzee Chirau na mkewe Mercy. Alisoma shule ya misheni hapo Rabai hadi darasa la nne, kisha akatolewa ili awalee wadogo zake. Jambo hilo lilimkaa rohoni, na ndiyo maana sisi wanawe hatukuthubutu kukosa shule hata kwa homa.

Mwaka 1945 alikuja Mombasa, akaajiriwa Kibokoni na wazazi wa Bi Mehrunnisa, aliyekuja kuwa rafiki yake wa maisha. Alianza kwa kuosha vyombo. Miaka ilivyosonga akawa mpishi, na hata wenye nyumba walipiga hodi kabla ya kuingia jikoni mwake.

Tarehe 6 Disemba 1947 alifunga ndoa na baba yetu, Samuel Jefwa, karani wa ghala katika bandari ya zamani. Mungu aliwajalia watoto wawili, Gunga na Joy.

Mwaka 1993 aliinjika sufuria ya mchele bila maji, akaketi kungoja uive. Tulicheka, naye akacheka. Baadaye akaanza kupotea njia akitoka sokoni, na kicheko kikatuishia. Daktari alisema ni ugonjwa wa usahaulifu wa uzeeni, na hauna tiba. Bi Mehrunnisa alikuwa amesikia kwamba mafuta ya zeituni huwasaidia wazee kutunza akili zao, akaleta chupa. Daktari alipoulizwa alisema hawezi kuahidi kitu, ila kwenye chakula hayatamdhuru. Baba alishika hapo hapo. Alitaka jambo moja tu, mkewe asimsahau.

Lakini mpishi ni mpishi. Kwa Mama, mafuta hayo yalikuwa ya kununuliwa duka la dawa, ya kutia masikioni na kupaka watoto wachanga. Alipoyaona juu ya mchicha alisukuma sahani.

“Dawa ya masikio hii! Mwataka kuniua?”

“Basi twala sote,” Baba alimjibu, akatwaa tonge la kwanza. “Nikifa, wewe usile.”

Tangu siku hiyo walikula sahani moja, na Mama hakutia kitu kinywani mpaka Baba aonje.

Ugonjwa haukusimama. Alisahau Rabai, akatusahau sisi, na mwaka jana akalisahau jina la Baba. Inatuuma hata kulisema. Wiki yake ya mwisho hospitalini, muuguzi alimletea uji, naye akaufunika kwa kiganja.

“Mngojeni yule baba,” alisema. “Simjui ni nani, lakini hajala.”

Alifariki Jumanne, tarehe 21 Mei 1996, Baba akiwa kando yake.

Ameacha mume, Mzee Samuel Jefwa, watoto, Gunga na Joy, wajukuu watano, na Bi Mehrunnisa, aliyemwita dada.

Pumzika kwa Bwana, Mama. Baba hatakula peke yake.