Papa Soudi, Mdomo wa Depo Yetu

Tarehe 31 Julai 2024, Bwana Soudi Sumaili anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya kuununulia ushirika wetu mpunga hapa Kindu. Yeye mwenyewe, ambaye hata mwenyekiti humwita Papa Soudi, hakubali neno kustaafu. Anasema anakwenda kunyoosha mgongo.

Aliajiriwa kubeba magunia, lakini mdomo wake ndio uliompandisha cheo. Hakuna mkulima aliyewahi kuambiwa na Papa Soudi kwamba mpunga wake ni mbichi. Aliambiwa kwamba bado una safari, naye akajua aurudishe juani. Sanduku la fedha likikauka, Papa Soudi alikuwa na mkono mfupi. Bei ikishuka, bei ilikuwa imelala, na sote tuliombwa tusiipigie kelele. Wakulima waliofika kwa gari moshi kutoka Kibombo, wamechoka taabani, waliondoka wakicheka hata pale walipokula hasara kidogo. Ferdinand, mpimaji wetu wa mizani, aliwahi kushika zamu ya Papa Soudi siku moja na kuwaambia watu ukweli mkavu. Kufikia adhuhuri wauzaji wote walikuwa wametupa kisogo na kuhamia kwa washindani wetu.

Lakini tusimpake mafuta kupita kiasi. Katika mikutano alitutoa jasho. Ukimuuliza swali la ndiyo au hapana, ulipata jibu refu kama mto Lualaba, nawe ukaenda nyumbani bila kujua kama umekubaliwa. Mkewe, Mama Rachida, anasimulia kwamba hata posa ilianzia kwenye bei ya mawese, na baba wa binti, akidhani mgeni amekuja kununua mafuta, akaanza kutafuta madumu.

Ndiyo maana siku ile ya vita hatuisahau. Ilikuwa mwaka 2002. Mji ulikuwa umezingirwa, gari moshi limenyamaza, na kwenda shambani ilikuwa kubeba roho mkononi. Ndani ya depo yalibaki magunia ya mbegu tu, ambayo akina mama wa Kibombo walikuwa wametuachia tuwatunzie. Akaja afande mmoja na watu wake wenye bunduki, akauliza kama ndani kuna chakula.

Sisi tuliokuwa nyuma ya mizani tulingoja Papa Soudi aanze kuzunguka kama kawaida yake. Hakuzunguka. Alisimama mlangoni akasema:

“Mupunga iko. Lakini ile njo mbegu ya wamama wa Kibombo. Mukiikula leo, mwaka kesho hakuna mutu atalima, na ninyi pia mutalala njaa.”

Afande alimkazia macho, naye hakuyakwepa. Mwishowe wale watu walichukua magunia mawili wakaenda zao. Francine, karani wetu, alilia waziwazi.

Kilichotuuma zaidi tulikijua baadaye. Nyumba ya Papa Soudi iko ukuta kwa ukuta na depo, na miezi hiyo watoto wake walikuwa wakilalia majani ya mihogo yasiyo na mafuta, mara nyingine maji matupu. Ufunguo wa depo ulikuwa mfukoni mwake. Mama Rachida anakiri kwamba walinuniana sana kwa ajili ya ufunguo huo, na hatumlaumu hata kidogo.

Njia zilipofunguka, wenye mbegu walikuja wakiwa wamekwisha kukata tamaa, wakakuta magunia yao yanawasubiri. Walipanda. Ushirika huu ulisimama tena kwa mavuno hayo, na tangu hapo hatujakosa wauzaji, hata miaka ambayo wengine hutoa bei nzuri kuliko yetu.

Wiki iliyopita mmoja wa wale akina mama wa mbegu, Mama Scholastique, ambaye sasa ana wajukuu, alishuka kutoka Kibombo na gunia lake. Ferdinand alikimbilia mizani. Mama akamsukuma pembeni, akalifungua gunia mbele ya Papa Soudi. Ulikuwa mchele uliokwisha kukobolewa, mweupe, safi.

“Papa Soudi,” akasema, “hii haiko mbegu. Hii, mukule yote, wewe na watoto.”

Papa Soudi wetu, mwenye neno kwa kila jambo, alilifunga tu lile gunia, akajitwika mwenyewe hadi nyumbani.

Basi tuseme sisi. Asante, Papa Soudi. Asante, Mama Rachida. Tunawaombea afya, mvua za kutosha na amani ya kudumu, na chungu chenu kijae kila jioni.